Sifa za mbigili

Sijawahi kumsikia mtu akiisifu mbigili hapa Dodoma. Mbuyu husifiwa kwa umri wake, mgunga kwa kivuli na kuni zake, na mzabibu umepewa heshima ya kuutambulisha mkoa mzima. Mbigili hulaaniwa tu. Hulaaniwa na mtoto anayeichomoa unyayoni huku akiruka kwa mguu mmoja, na mama aliyeanika mtama uani akaikuta imejichanganya na nafaka, na kila mwenye baiskeli kuanzia Nzuguni hadi Msalato. Mimi ni mmoja wa hao wenye baiskeli. Sina biashara ninayoifanya nayo. Naiendesha jioni na Jumamosi kwa sababu napenda, na katika kupenda huko mbigili imenifundisha mambo ya imani ya Kikristo ambayo mahubiri mengi mazuri hayakuwahi kunifikishia. Kwa hiyo naisifu hadharani, na naomba msomaji asidhani natania.

Nianze na mmea wenyewe, kwa maana wengi wanaoulaani hawajawahi kuinama wakautazama. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Ndani ya msimu huo mfupi mbigili huota, hutambaa, huchanua, huzaa na kukauka. Haisimami hata siku moja. Matawi yake hutoka kwenye shina moja yakalala chini pande zote, majani yake madogo yamepangwa mawili mawili, na ua lake ni la njano, lenye petali tano, zuri kweli ukilikuta asubuhi limefunguka juu ya vumbi. Chini yake kuna mzizi unaokwenda mbali kutafuta unyevu. Tunda likikomaa hupasuka vipande vitano, kila kipande kigumu, chenye miiba miwili mirefu na mingine mifupi. Kipande hicho kianguke vyovyote kitakavyoanguka, mwiba mmoja utaelekea juu. Ndani yake mna mbegu kadhaa, na mbegu hizo haziamki pamoja. Moja huota kwa mvua ya kwanza, nyingine husubiri mwaka unaofuata, au hata miaka. Anayefyeka uwanja wake akatangaza kwamba amemaliza mbigili hajui kilicholala chini ya miguu yake.

Haipendi nyasi nene. Inapenda ardhi iliyokanyagwa: njia ya miguu, pembezoni mwa barabara, kando ya zizi, uwanja wa mpira, uwanja wa shule, uwanja wa kanisa. Huota pale tunapopita, na wanaoisafirisha ni sisi wenyewe, kwa soli za kandambili, kwato za mbuzi na matairi.

Uwanda wa Dodoma unafaa sana kwa baiskeli. Uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, miinuko yake si mikali, na jua likianza kushuka hewa hupoa upesi. Ukishika barabara ya Dar es Salaam unapita Nzuguni, Ihumwa, na Mtumba ulipo Mji wa Serikali, hadi Chamwino na Buigiri, ambako tangu mwaka 1950 ipo shule ya wasioona iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana. Lami yenyewe haina mbigili. Lakini malori na mabasi hayana subira na baiskeli. Yakikaribia unashuka pembeni, na pembeni ndiko mbigili iliko.

Haitoboi kwa kishindo. Unaanza kuhisi nyuma kunakuwa kuzito, baiskeli inayumba kidogo kwenye kona, unatazama chini unaona tairi limelala. Unashuka. Aliyekuwa anapita sasa amefika, na amefika mahali asipopachagua: labda mbele ya tembe, labda kwenye genge la nyanya, labda uwanjani pa kanisa dogo la bati ambalo kila Jumamosi alilipita bila kujua jina lake. Hana budi kusalimia. Akisema mbukwenyi ya Kigogo kwa ulimi wa mtu wa kuja, ataitikiwa hata hivyo, ataletewa kigoda, na mtoto atatumwa nyumba ya tatu kuulizia pampu.

Hapo ndipo imani inapoanza kazi, angalau kwa watu wa aina yangu. Sisi Wakristo wa mjini tumezoea upande mmoja wa upendo, ule wa kutoa. Tunachangia ujenzi, tunawapelekea yatima mafuta ya kupikia na sabuni, tunaombewa baraka, tunarudi nyumbani na mioyo yetu myepesi. Ule mfano wa Msamaria tumeusikia tangu utotoni, na kila tunapousikia tunajiweka kwenye nafasi ya Msamaria, au tukiwa wakali na nafsi zetu, kwenye nafasi ya kuhani na Mlawi waliopita kando. Nafasi ya yule aliyelala njiani hatuitaki. Yeye hakufanya lolote katika mfano ule isipokuwa kupokea: alifungwa majeraha, akapandishwa kwenye mnyama wa mtu mwingine, akalipiwa gharama. Mbigili humweka mtu kwenye nafasi hiyo kwa nusu saa. Anakaa kwenye kigoda cha mtu asiyemjua, anakunywa maji ya mtu aliyeyachota mbali, na hana cha kulipa kinacholingana, kwa sababu akitoa noti wenyeji wanaweza kuikataa na kuona kwamba amewavunjia heshima. Neema tunaihubiri sana, nami naona wengi wetu tunaihubiri bila kuwa na kumbukumbu hata moja ya kuipokea mikononi mwa mtu.

Injili yenyewe iliingia Ugogo kwa mwendo wa kusimama-simama. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870 kwa njia ya misafara, na waliokuwa wakielekea Buganda wakaendelea magharibi kupitia Marenga Mkali, nyika isiyokuwa na maji. Dayosisi ya Tanganyika ya Kati iliundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, na mwaka 1955 Yohana Omari akawekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Lakini kazi ya kila siku, ya kijiji hadi kijiji, ilibebwa na wainjilisti na makatekista, kwa miguu na kwa baiskeli, juu ya ardhi hii hii yenye miiba. Ninapowafikiria, nafikiria zaidi vile vituo ambavyo hawakuvipanga kuliko vile walivyovipanga. Mwalimu aliyetobokewa njiani alilazimika kulala mahali, na aliyelala mahali alikula mlenda wa watu wale, akasikia habari za wagonjwa wao na ng'ombe wao. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache tu, nami nimeifurahia sana, ila sidhani kama kuna abiria aliyewahi kuletewa kigoda katikati ya safari hiyo.

Tuje kwa fundi, maana hapa ndipo mambo ni mengi. Fundi baiskeli wa huku hukaa chini ya mwarobaini, karai la maji kando yake, mikanda ya tyubu za zamani imening'inia kwenye tawi. Wateja wake wakuu ni wauza maziwa wenye madumu, wauza maji na wauza mkaa. Mtu wa wizarani anayefanya mazoezi husubiri nyuma yao kwa zamu. Fundi ninayemwendea mimi ni mzee, na maneno yake ni machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeichomoa?"

"Sijaichomoa."

"Afadhali. Iache kwanza, itatuonesha ilipo."

Anayeijua mbigili anaelewa kwa nini aliuliza hivyo. Mwiba uliokwama ndani ya tairi huziba tundu uliolitoboa wenyewe. Ukiuacha, upepo hutoka polepole na pengine utafika nyumbani. Ukiuchomoa, utasikia mlio, na katika dakika moja tairi litakuwa limekwisha. Ndiyo maana waendesha baiskeli wengi wakiuona mwiba huufumbia macho. Wanajaza upepo, wanakwenda, kesho wanajaza tena. Baiskeli ya namna hiyo inaweza kutembea wiki nzima, na kwa mtazamaji ni baiskeli nzima kabisa. Nimewajua waumini walioishi hivyo miaka, wakijazwa kila Jumapili na kupungukiwa kufikia Jumatano, bila kuulizwa na mtu, kwa kuwa kile kilichowatoboa ndicho pia kilichokuwa kinawashikilia wasianguke mara moja. Kinyongo cha urithi kati ya ndugu kina tabia hiyo. Deni lililofichwa kwa mwenzi wa ndoa linayo pia. Kuchomoa kunahitaji uwe mahali penye fundi, na uwe tayari kukaa chini.

Mzee hugeuza baiskeli miguu juu, hubandua tairi kwa mpini wa kijiko, huvuta tyubu nje. Halafu hufanya jambo ambalo kwa muda mrefu nililiona la kawaida: kabla ya kutafuta tundu, huijaza tyubu upepo. Tyubu tupu haioneshi kitu. Ukiizamisha kwenye karai ikiwa imelegea, maji hutulia, na unaweza kuapa kwamba ni nzima. Ikijazwa ndipo viputo vinapotoka mahali pake, vidogo, vya mfululizo, na hakuna ubishi tena. Jambo hili limebadilisha namna ninavyofikiri kuhusu kutubu. Nilizoea kudhani kwamba mtu hutakiwa kwanza ajichunguze makosa yake, kisha ndipo asogee mbele za Mungu. Karai linasema kinyume chake. Mtu aliyelegea, asiyesali, asiyeimba, asiyekaa na wenzake, akijichunguza hataona tundu lolote. Atajiona yuko sawa, au atajiona ni tundu tupu, na vyote viwili si kweli. Ni katika kujazwa ndipo panapovuja panapoonekana. Petro alikuwa mtulivu Yesu alipokuwa akifundisha kutoka kwenye mashua yake, na baada tu ya nyavu kujaa samaki ndipo alipoanguka magotini na kusema habari za dhambi zake.

Tena karai liko hadharani. Waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu wote wanaviona viputo, na mmoja wao atakionesha kwa kidole kile ambacho fundi hajakiona. Wazee wa Uamsho, ule ulioanza Rwanda miaka ya 1930 na kufika hadi Tanganyika ya Kati, waliungama mbele ya ndugu, na kizazi chetu kimewacheka kidogo kwa hilo. Sikubaliani na kila walichofanya. Palikuwa na ungamo lililowaumiza watu wengine ambao hawakuulizwa. Lakini kwenye benchi la fundi hakuna anayemcheka mwenye tundu, kwa sababu kila aliyekaa pale ameleta lake.

Baada ya kupaweka alama, mzee hukausha, hukwaruza kwa msasa, hupaka solusheni, husubiri ikauke kidogo, hubandika kiraka na kukigonga. Wanafunzi wake wangeishia hapo. Yeye huingiza vidole ndani ya tairi na kuvipitisha taratibu mzunguko mzima, akitafuta ncha. Mbigili hukatika. Kichwa kinang'oka, ncha inabaki ndani ya mpira, haionekani kwa nje, na ukirudisha tyubu yenye kiraka kizuri itatobolewa tena, pembeni tu ya pale palipozibwa, kabla hujafika Ihumwa. Kazi hii ya vidole ndiyo inayomtofautisha fundi na mbandika viraka. Humtoa damu mara nyingine. Nimeona makanisa yetu yakiwa hodari sana wa kubandika: watu wanapatanishwa Ijumaa mbele ya wazee, wanashikana mikono, wanaombewa, na hakuna aliyeuliza ng'ombe wale wa mahari walikwenda wapi. Mwezi haupiti wamerudi pale pale. Kuuliza habari za ng'ombe ni kuingiza vidole ndani ya tairi, na mchungaji anayefanya hivyo hutoka amechomwa.

Biblia imejaa miiba, nayo haiipambi. Katika Mwanzo miiba huja pamoja na laana ya ardhi. Katika mfano wa mpanzi huisonga mbegu njema. Askari walisokota taji yake wakamvika Yesu kwa dhihaka. Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, anasema alipewa mwiba mwilini, akamwomba Bwana mara tatu uondolewe, na haukuondolewa; alichopewa ni neema ya kutosha kuishi nao. Hakusema mwiba ni mzuri. Nami sisemi hivyo. Yesu alipowauliza wasikilizaji wake kuhusu zabibu na miiba alitaka wajue kwamba mti haudanganyi katika matunda yake, na sisi wa Dodoma tunaweza kulithibitisha hilo kuliko wengi. Mizabibu ililetwa Bihawana na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia miaka ya 1950, leo imetanda Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katikati ya mistari yake mbigili huota katika udongo ule ule. Hakuna aliyewahi kuchuma chochote kwenye mbigili. Inabaki mwiba mpaka mwisho wake. Ninachokisifu ni yale inayotulazimisha kuyafanya, sisi kwa sisi, tukiwa tumesimama pembezoni mwa barabara.

Na hapa lazima niweke mpaka, maana sifa zisizo na mpaka zinaweza kumdhulumu mtu. Kwa muuza maziwa pancha si somo. Ni maziwa yanayochacha juani wakati wateja wake wa mjini wanamngoja. Kwa mtoto wa darasa la pili asiye na viatu mbigili ni maumivu, na kwa mfugaji inaweza kuwa hasara kubwa, kwani kondoo wanaoila kwa wingi ikiwa imenyauka huvimba uso na ngozi yao kuungua kwa jua. Siwezi kumwambia yeyote kati ya hao ashukuru. Vilevile siwavumilii wahubiri wanaosimama kando ya kitanda pale hospitalini na kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba Mungu ana jambo anamfundisha. Hawajui, na wangenyamaza.

Sifa ya mbigili kwangu ni udogo wake. Majaribu makubwa ya imani humjia mtu bila kumpa nafasi ya kujifunza: msiba, kufukuzwa kazi, mtoto aliyepotea. Siku hiyo mtu hutumia alichokuwa nacho tayari. Ni wapi basi alipokipata? Mtu hajifunzi kuogelea siku ya mafuriko. Pancha ni taabu ya kipimo cha mtu anayejifunza. Inakuzuia kweli, inakupotezea jioni kweli, inakufanya uhitaji watu kweli, na kwa saa moja imekwisha. Ndani ya saa hiyo unaweza kujizoeza kutokasirika, kuomba bila kujidhalilisha, kungoja zamu nyuma ya mtu mwenye mkaa, kushukuru kwa jina. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba utauwa nao una mazoezi yake. Mimi yangu yako barabara ya Chamwino.

Wenzetu wa mbali wanaijua pia. Kule Marekani mbigili iliingia ikawa balaa kwa mashamba na baiskeli, na mwaka 1961 wakaleta California wadudu wadogo wa kula mbegu na mashina yake. Katika mji wa Boise, Idaho, waendesha baiskeli walianza mwaka 2018 kuwa na tamasha lenye jina la mwiba huo, na kabla ya tamasha watu hukusanya magunia ya mbigili mitaani. Ningependa makanisa yetu yawe na kitu cha namna hiyo mwezi wa pili, mbigili ikiwa na maua ya njano lakini kabla tunda halijakauka. Wakati huo mmea ni laini. Unashika shina katikati, unavuta, na mduara wote wa matawi unakuja mkononi. Ukingoja hadi mwezi wa tano unavuta miiba mikavu, na kila unachokitikisa unakipanda. Kina mama wanaofagia uwanja wa kanisa kila Jumamosi wanalijua hili bila kuambiwa, na ni kwa mikono yao watoto wanaocheza pale baada ya ibada hawachomwi.

Siku hizi zimekuja chupa za majimaji mazito ya kumimina ndani ya tyubu. Mwiba ukitoboa, majimaji hukimbilia kwenye tundu na kuganda, na mwendeshaji hajui hata kama ametobolewa. Rafiki aliyekuwa safarini aliniletea chupa moja, kwa nia njema kabisa. Nilimpa muuza maziwa ninayekutana naye kwa fundi, maana yeye ndiye anayeihitaji, na mzee alimsaidia kuimimina pale pale chini ya mwarobaini, tairi la mbele na la nyuma. Nilimuuliza mzee kama haoni anajipotezea mteja. Alisema spoki za bwana huyu zimelegea, breki zimekwisha, na mke wake anajifungua mwezi ujao, kwa hiyo wataonana tu.